Gunia Ambalo Jemima Hakulibeba

Sokoni Bunia wanamwita Hortense Mama Fotei, na jina hilo halikutoka kwa mapenzi. Wenzake wanaouza maharagwe hukaa kwenye vigoda, magoti juu, bidhaa mbele yao kwenye kiroba. Hortense alikuja na fotei, kiti cha mbao chenye mgongo na mikono, alichotengenezewa na seremala wa Nyakasanza, akakiweka katikati ya safu yao na kukaa kama mke wa gavana. Wanawake wakacheka, wakasema mama huyu wa Butembo anajisikia sana. Hakuna aliyemuuliza sababu, na kama angeulizwa angedanganya.

Sababu ni kwamba Hortense hawezi kuchutama. Akichutama, kizazi chake kinashuka. Tuseme hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, maana kunong'ona ndiko kulikowafikisha wanawake wa nyumba hii pale walipofika. Kizazi kinateremka, na kuna asubuhi kinachungulia nje kabisa. Hukirudisha kwa mkono wake, anafunga kitambaa, anavaa vikwembe viwili, kitenge juu ya kitenge, anakwenda kuuza. Akitaka kukohoa anabana miguu. Akitaka kucheka ni vilevile, ndiyo maana watu wanamwona mkali. Hali hiyo ilianza alipomzaa kitinda mimba wake, Jemima, na Jemima sasa ni mwalimu wa shule ya msingi.

Kwao ni vilimani, upande wa Butembo. Huko mzigo hauwekwi kichwani. Unakaa mgongoni, umeshikwa na kamba pana inayopita juu ya paji la uso, na msichana anajua kuinama nao kabla hajajua kuandika. Miaka ikipita kamba inaacha alama kwenye paji, mfereji mdogo unaoweza kuupapasa kwa kidole. Hortense anao. Mama yake alikuwa na wa kwake, wa kina zaidi, na aliondoka nao kaburini. Mathieu alipomwoa Hortense wakahamia Bunia kutafuta biashara, kama jamaa wengi wa kwao walivyofanya, na alama ikahama naye.

Mama yake Hortense, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa ananuka mkojo. Watoto wake walisema ni uzee. Wanawake waliomwosha maiti walifunga mlango, wakatoka wanaangalia chini, wala hawakusema neno, kwa sababu eti ni heshima. Heshima gani hiyo? Laiti mmoja wao angewaambia mabinti wa marehemu walichokiona, Kavira asingepitia yaliyompata.

Kavira ni mdogo wake Hortense. Aliolewa Beni, akazaa mara mbili, na baada ya mtoto wa pili mume wake akaita jamaa zote mbili wakae. Akasema mke wake ameharibika. Akasema mwili wa mwanamke haufunguki wenyewe, lazima kuna wanaume wanaoupitia. Hakutaja ugonjwa, alitaja dhambi, na wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa huku wakimwamini. Kisha Kavira akapelekwa kwa mchungaji aungame. Akakataa. Akapelekwa tena, akakataa tena. Mwisho akachoka. Akaungama mwanaume ambaye hakuwahi kuwapo, ili tu wamwache alale. Baada ya hapo wakamrudisha kwao na watoto wakabaki kwa baba.

Hortense alimchukua, akampa chumba cha nyuma ya jiko. Hakuamini maneno ya shemeji yake hata kidogo, lakini hakujua ni nini hasa kilichokuwa kimeharibika, na Kavira hakusema. Wakaishi hivyo katika ua mmoja, ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja akianika vitambaa vyake chini ya nguo nyingine ili mwenzake asivione. Hasira inakupanda ukifikiria. Walikuwa wanafichana kitu kilekile, kwenye kamba ileile ya nguo.

Msimu wa mvua uliopita Hortense alipata kikohozi kibaya. Asubuhi moja, akiwa bafuni nyuma ya nyumba, kizazi kikatoka na kikakataa kurudi. Akajaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akaketi chini kwenye maji ya sabuni na kuanza kulia. Kavira akasikia, akasukuma bati la mlango. Alitazama kwa muda. Hakupiga kelele wala hakukimbia kuita mtu. Alifungua kikwembe chake mwenyewe, akamwonyesha dada yake.

"Hata weye, yaya?" akasema.

Wakashikana pale chini, wamelowa. Nisingesema walikuwa wanalia kwa huzuni. Hortense anasema alichosikia moyoni siku ile ni ghadhabu, na ilikuwa kali kuliko maumivu.

Walikwenda hospitali pamoja. Dokta Stéphane, mtoto wa Bunia mwenye sauti ya chini, aliwapima mmoja mmoja, kisha akawaita wote wawili wakae mbele yake. Aliuliza habari za mama yao. Hortense akaeleza ule mkojo, na jinsi mama alivyokuwa anakaa kwa tako moja. Akauliza habari za mama wadogo na bibi. Kadiri walivyojibu ndivyo wao wenyewe walivyokuwa wanasikia, kana kwamba wanasimuliwa na mtu mwingine: mama mdogo aliyeacha kwenda kanisani ghafla, mama mkubwa aliyekuwa haendi safari bila kikwembe cha akiba.

"Haiko zambi, mama," dokta alisema. "Nyama na mishipa zenye zinashika kizazi, kuna jamaa ambamo zinazaliwa na nguvu kidogo. Inapita mu damu, sawa vile urefu unapita. Kisha uzazi inaongeza, mizigo inaongeza."

Kavira akauliza kama mwanaume anaweza kuyaleta hayo, kwa kwenda na mwanamke. Dokta akasema hapana. Kavira akauliza tena, kwa maneno mengine, na dokta akajibu tena hapana.

Hortense yeye aliuliza habari za Jemima. Dokta hakumdanganya. Alisema binti wa mama mwenye hali hii yuko katika hatari kubwa kuliko binti wa jirani, ila si hukumu, kuna wengi ambao haiwapati. Alisema nchi za mbali wamepima damu za maelfu ya wanawake na kuona alama kadhaa, lakini hakuna bado kipimo cha kusema msichana huyu itampata na yule hapana. Kinachowezekana ni kumlinda. Azae hospitalini, apumzishwe vizuri baada ya uzazi, afundishwe kukaza nyama za chini, asigeuzwe punda. Inaweza kupita hata upande wa baba, akaongeza, maana damu haina upande mmoja. Akamwekea Hortense pete ya mpira ya kukishikilia kizazi, na Kavira akapangiwa kupasuliwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Njiani Kavira alisema jambo moja tu, kwamba angependa mchungaji yule awe bado hai. Yuko hai. Anahubiri kila Jumapili.

Sasa ndipo ilipokuja habari ya posa. Jemima alikuwa na mchumba, Delphin, kijana wa Marabo anayenunua mpunga na kuuleta mjini, mtu mpole asiye na makuu. Jamaa yake ni watu wa vilimani vilevile, waliohamia Marabo kulima. Nao wana desturi yao, ambayo Wanande, watu hao wa vilimani, wengi wao walioko Bunia wala hawaifahamu. Siku ya kuleta mbuzi wa mahari, kabla mbuzi hata mmoja hajashushwa kwenye gari, shangazi wa bwana arusi anashusha gunia la maharagwe, analifunga kamba, na kamba hiyo anaivalisha kwenye paji la bibi-arusi. Msichana analibeba kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa mama yake, wanawake wakimwimbia. Ndipo mbuzi wanaposhuka. Maana yake ni kwamba wameona mgongo wa mwanamke wao na wameridhika.

Hortense aliposikia, alisema Jemima habebi. Mathieu, ambaye si mtu mbaya, aliweka kikombe chake chini na kumwomba mambo ya hospitali yabaki hospitalini. Alisema gunia moja halimshushi mtu kizazi. Hortense alijua hivyo, dokta hakuwahi kusema gunia moja. Lakini gunia lile lilikuwa ni ahadi. Anayelibeba amekubali yote yanayolifuata: kuni, maji, mihogo ya shambani, na kuamka kwenda kulima mtoto akiwa bado hajakauka kitovu. Akishalibeba mbele ya watu, siku atakaposema nimechoka ataambiwa mbona siku ile uliweza.

Ajabu ni kwamba Jemima mwenyewe alikuwa upande wa baba yake. Mama yake alikuwa amemweleza yote, naye alisikiliza kama msomi, akauliza maswali mazuri, akasema atazaa watoto wachache na hospitalini. Ila watu wasijue. Alimpenda Delphin, na aliwajua wakwe. Jamaa ikisikia ugonjwa wa ukoo, inafunga gari inaondoka. Alimsihi mama yake amwache alibebe tu, ni hatua chache. Hortense akamjibu kwamba hata yeye alianza kwa hatua chache.

Walikuja Jumamosi mchana, na lori dogo limejaa watu na mbuzi. Msemaji wao alikuwa mzee Vahwere, baba mkubwa wa Delphin, aliyevaa koti licha ya jua. Shangazi alikuwa Tantine Espérance, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyewafunga kamba mabibi-arusi wote wa nyumba yao, hata wasichana wao wenyewe walipoolewa kwingine, kwa kuwa mkono wake uliaminika. Alikataa kiti cha chini alichopewa. Akaletewa kirefu, akakaa ukingoni, upande. Hortense aliliona hilo kutoka mlango wa jiko, halafu kazi za mapishi zikamchukua.

Salamu ziliisha, vinywaji vikapita, na Vahwere akasimama kuuliza lile swali linaloulizwa na wakwe wote, ambalo jibu lake linajulikana hata kabla halijaulizwa.

"Katika nyumba hii, kuna ugonjwa yenye tunapashwa kujua?"

"Hakuna," Mathieu akasema.

"Iko," Hortense akasema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Alikuwa bado na mwiko mkononi. Jemima, aliyekuwa amefunikwa kikwembe kipya kichwani, aliinamisha uso.

"Iko, papa. Mama yangu alikuwa nayo, miye niko nayo, Kavira iko nayo. Kizazi inashuka. Haiko uchawi na haiko umalaya. Ni mwili yetu njo inazaliwa vile. Jemima anaweza kuwa nayo, anaweza kukosa. Njo maana mutoto wangu habebe gunia. Leo habebe, na kwenu habebe."

Hakuna wanaume waliowahi kutazama viatu vyao kwa bidii kama wale. Neno kizazi, mbele ya mbuzi na bia! Mathieu alishika kichwa. Vahwere alikunja mdomo, akauliza kama bokilo wake, mkwe huyu wa kike, ameisha kulewa, na mmoja kule nyuma akacheka. Mwingine, kijana tu, ambaye hata ndevu hazijamshika, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kwao hali hiyo inawapata wanawake wasiotulia.

Kavira alikuwa amekaa na wanawake wa jikoni. Tangu alipotoka Beni hakuwahi kuongea penye wanaume. Alisimama, na sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Alisema aliwahi kuambiwa hivyo na aliungama, na mwanaume aliyemuungama hakuwepo. Alisema watoto wake wamekua wakijua mama yao ni malaya. Kisha akamwuliza yule kijana mama yake mzazi anakaaje kwenye kiti.

Vahwere akavunja mkutano. Alisema kwa adabu kwamba wamesikia, kwamba watakwenda kufikiri, na sote tunajua maana ya kufikiri kwa wakwe. Bila gunia hakuna mbuzi, akaongeza. Watu wakaanza kurudi kwenye lori. Delphin alibaki katikati ya ua, akimtazama baba mkubwa, akimtazama Jemima, hajui aanze kubembeleza upande gani. Jemima alimpita mama yake akiingia ndani.

"Umenimaliza, mama," alimwambia.

Hortense akarudi jikoni kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hakujuta, ila alijua huenda amemwokoa binti yake na kumpoteza kwa neno moja, na hakuna dokta wa kumwambia kama amefanya vizuri. Alishika sufuria ya sombe ya majani ya mihogo, akaiweka, akaishika tena.

Nyuma yake Tantine Espérance alikuwa ameingia. Alisukuma mlango ukafunga. Hakukaa. Alizungukazunguka kidogo, akasifu sombe, akauliza bei ya mafuta ya mawese, na Hortense akamwacha mpaka maneno ya bure yamwishe. Mwisho akasema, akiangalia moto, kwamba kwao Marabo yuko jirani yake mmoja, mama wa makamo, ambaye naye hali hiyo imemsumbua muda mrefu. Je, huyo dokta anapatikana siku gani?

Hortense akamtazama. Alikumbuka alivyokuwa amekaa kwenye kiti, na mara moja akamwelewa mwanamke huyu mpaka mifupani, na hasira yake haikupungua, ilizidi. Huyu ndiye anayewafunga wengine kamba! Alimtajia siku na jina la dokta. Halafu akauliza kwa ukavu:

"Huyo jirani yako iko na watoto wanamuke?"

Espérance akafunika tena sufuria ya sombe.

"Iko nao tatu," akasema. "Wote niliwabebesha miye mwenyewe."

Alijisikia akisema, akafunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Hortense hakumfariji. Alimvutia kile kiti chake cha sokoni, kilichokuwa pembeni, akamwambia akae vizuri. Espérance akakaa, akaegemea, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo huwezi kuielewa kama hujawahi kusimama siku nzima umebana miguu. Alisema ilimwanza baada ya kujifungua mara ya pili. Mume wake hajui. Alisema alidhani ni malipo ya jambo fulani alilofanya ujanani, na alikuwa ameshamwomba Mungu msamaha kiasi cha kumchosha. Hakuwahi kufikiri habari ya mabinti zake. Aliwafunga kamba, mmoja baada ya mwingine, na kuwaimbia.

Nje lori lilikuwa limeanza kunguruma. Espérance akanyanyuka kwa kushika mikono ya kiti, akafungua mlango, akavuka ua mpaka barabarani. Akamwambia dereva azime. Akawaambia vijana washushe mbuzi. Vahwere akachungulia kutoka kiti cha mbele, akauliza, na gunia je?

"Kama unaitaka, ubebe weye," Espérance akasema.

Kwa jambo hili la gunia hakuna mwanaume katika ukoo wao aliyewahi kumbishia shangazi, ndiyo desturi, na desturi safari hii ikawakaba wenyewe. Mbuzi wakaanza kushuka, wakilia. Delphin mwenyewe alikuwa wa kwanza kupokea kamba ya mbuzi, akakimbia naye kuelekea mlango alikoingia Jemima, akijikwaa. Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele, na Mathieu akakumbuka tena kwamba yeye ni baba wa bibi-arusi na akaanza kutafuta kifungulio cha bia.

Hortense hakupiga kigelegele. Alimfuata Espérance mpaka kwenye ubavu wa lori, alikokuwa amesimama peke yake akipangusa uso, akamuuliza wale watatu wako wapi saa hii. Espérance akasema wawili wako Marabo. Mkubwa aliolewa Nizi, kwenye machimbo, anabeba mchanga wa dhahabu kutoka shimoni mpaka mtoni, na juzi juzi amejifungua.

"Umuite," Hortense akasema.

Espérance akasema atampigia kesho, akitulia, mambo kama haya hayasemwi kwenye simu, tena mbele ya watu. Hortense hakusogea. Alisimama mbele yake na mwiko wake mpaka Espérance akaingiza mkono kifuani, akatoa simu, akatafuta jina. Ilichelewa kupokelewa. Ilipopokelewa, kulisikika majembe na sauti za wanaume, na mwanamke anayehema.

"Alo, mwanangu. Unabeba?" Espérance akauliza. Akasikiliza. "Weka chini. Hapana, bwana hajakufa, hakuna mutu amekufa. Weka kwanza chini, mama, nitakuelezea."